Sitini na moja

"Mwalimu, samahani. Naomba uniangalizie tena jumla yangu."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, karatasi ya mtihani kaishika kwa mikono miwili kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nikaipokea. Ukurasa wa mbele, kwa mwandiko wangu mwenyewe, zilikuwepo alama za maswali saba: 8, 11, 9, 14, 7, 12, 10. Chini yake nimeandika 61, nikaizungushia duara, na pembeni nimetia vema mbili. Vema mbili kwangu maana yake ni kwamba nimehakiki.

Nikajumlisha pale pale mbele yake. 71. Nikarudia, 71. Nilichokuwa nimefanya ni kujumlisha maswali sita ya kwanza, nikafika 61, nikaishia hapo. Swali la saba, ambalo alilifanya bila kosa hata moja, sikulihesabu kabisa. Na nilipohakiki nikaishia pale pale tena.

Nafundisha hisabati, huu ni mwaka wa kumi na sita. Siku ile niliomba karatasi zote 43 za darasa lile nizirudie moja moja. Nina mazoea ya kuandika siku na saa juu ya bahasha kila ninapofungua fungu jipya la kusahihisha, kwa hiyo niliweza kujua kila karatasi niliipitia lini. Ishirini za kwanza nilizisahihisha Jumamosi asubuhi, baada ya mama yangu kuja kukaa na mtoto nami nikalala usiku karibu mzima. Humo sikukuta kosa. Ishirini na tatu zilizobaki nilizifanya usiku wa Jumanne na usiku wa Jumatano, kati ya saa tano na saa nane. Humo nilikuta makosa sita: mawili ya kujumlisha, matatu ya kuruka kipengele cha swali, na moja ambalo mpaka leo silielewi, kwa sababu nilimpa mwanafunzi alama 4 kwenye swali aliloliacha tupu.

Huo si utafiti, ni bahasha mbili za mwalimu mmoja. Lakini ndizo zilizonifanya nianze kusoma juu ya usingizi, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kutaka kuyaandika haya.

Mwanangu wa pili wakati huo alikuwa na wiki kumi na nne. Mume wangu anafanya kazi ya zamu, na mwezi ule alikuwa zamu ya usiku. Nilikuwa napata kama saa nne na nusu za usingizi, tena vipande vipande: saa moja na nusu, mtoto, saa moja, mtoto, saa mbili, kumekucha. Wiki za mwanzo nilijiona mgonjwa. Nilikuwa nalia bafuni. Lakini kufikia wiki ya nane au ya tisa hali ile iliondoka, nikajiona niko sawa. Wenzangu wakiniuliza kama napumzika, nilikuwa nawajibu, "Nimezoea." Sikuwa najikaza wala kuficha. Nilikuwa naamini.

Neno hilo, nimezoea, ndilo linaloniuma.

Mwaka 2003 Hans Van Dongen, David Dinges na wenzao katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu wazima 48 wenye afya. Kundi moja lililala saa 8 kwa usiku, jingine saa 6, jingine saa 4, kwa siku 14 mfululizo. Kundi la nne halikulala kabisa kwa siku tatu. Mchana walipimwa mara kwa mara. Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko mtihani wowote niliowahi kutunga: unakaa mbele ya skrini dakika kumi, kitu kinatokea, unabonyeza. Ukichelewa zaidi ya nusu sekunde, inahesabiwa kwamba hukuwepo.

Waliolala saa 8 walibaki walivyo. Wa saa 6 na wa saa 4 walizidi kuporomoka siku baada ya siku, bila kufika mahali wakasimama. Mwisho wa wiki mbili walikuwa wanafanya kama watu waliokesha usiku mzima, na wengine kama waliokesha siku mbili. Nazungumzia hata wale wa saa 6, usiku ambao wengi wetu tunauhesabu kuwa wa kutosha. Lakini kilichonifanya niweke simu chini na kukaa kimya ni sehemu nyingine ya matokeo hayo. Watu hao waliulizwa pia wanajisikiaje. Siku za mwanzo walisema usingizi umewazidi. Baada ya hapo majibu yao karibu yalisimama pale pale. Utendaji uliendelea kushuka, wao wakaendelea kusema wanasikia usingizi kidogo tu.

Ndiyo wiki yangu ya tisa. Kumbe sikuwa nimezoea chochote. Kilichokuwa kimechoka ni ubongo, na kiungo ninachokitumia kujiuliza "je, nimechoka?" ni huohuo ubongo. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Nilisoma pia habari za Randy Gardner, kijana wa miaka 17 wa San Diego, Marekani, ambaye Desemba 1963 aliamua kukaa macho kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule. Alimaliza Januari 1964 baada ya saa 264, siku 11 kamili. Mtafiti wa usingizi William Dement alikwenda kumfuatilia, na daktari wa jeshi la majini John Ross akawa anampima afya. Siku ya mwisho aliambiwa aanze na 100 na awe anatoa 7. Akasema 93, 86, 79, 72, 65. Akanyamaza. Alipoulizwa mbona amesimama, akajibu kwamba amesahau alichokuwa anafanya.

Niliposoma pale nilitafuta ile karatasi ya mwanafunzi wangu nikaitazama tena. Yeye sitini na tano, mimi sitini na moja.

Simlinganishi mtu aliyekesha siku kumi na moja na mama anayenyonyesha. Ila naijua sasa ile sehemu ambapo hesabu inakatika. Haikatiki kwa maumivu wala kwa kizunguzungu. Unakuwa unatembea kwenye hesabu, kisha kunakuwa hakuna hesabu, na wewe hujui kwamba kulikuwa na kitu cha kuendelea nacho. Ndiyo maana nilitia vema mbili.

Kiswahili kina neno la hali hii, nami nalipenda: kupitiwa. Mtu hasemi "nililala", anasema "nilipitiwa". Ni kauli ya kutendwa. Hukufanya wewe, umefanyiwa. Watafiti wanaona kwenye mashine za kupima mawimbi ya ubongo vipande vya usingizi vya sekunde chache tu, wakati mwingine macho yakiwa wazi, na mwenyewe akizinduka haoni kama ametoka popote.

Nitasimulia jinsi nilivyopitiwa, ingawa ni vigumu kuandika.

Ilikuwa saa tisa usiku. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mikono, mtoto kifuani ananyonya. Nakumbuka vidole vyake vimekamata ukosi wa gauni langu. Nakumbuka nilikuwa nahesabu anavyomeza: moja, mbili, tatu, anapumzika, moja, mbili. Kinachofuata ninachokikumbuka ni kimya. Kichwa chake kilikuwa kimeteleza kutoka kwenye kiwiko changu mpaka kwenye ule mwanya kati ya mkono wangu na pembe ya kiti, na pua yake imegusa kitambaa. Mkono uliokuwa umemshika ulikuwa umelegea, kama si wangu. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika sita. Nilimnyanyua kwa nguvu hata akashtuka akalia, na sijawahi kufurahi kusikia kilio kama nilivyofurahi usiku ule.

Madaktari wa watoto wanalionya jambo hili waziwazi: kupitiwa na mtoto mchanga kwenye kochi au kiti chenye mikono ni hatari kuliko hata kupitiwa naye kitandani. Mimi sikuwa nalijua. Kama una mtoto mchanga na unasoma haya usiku huku macho yanafumba, tafadhali ondoka kwenye kiti hicho. Kama yupo mtu wa kumwamsha, mwamshe.

Baadaye nilitaka kujua mkono wangu ulilala vipi wakati mimi nilikuwa nahesabu. Jibu lilinishangaza. Mwaka 2011 Vladyslav Vyazovskiy, Giulio Tononi na wenzao walionyesha kwamba panya waliocheleweshwa kulala wanaweza kuwa macho kabisa, wanatembea, lakini seli chache za neva katika sehemu fulani ya ubongo zinazimika kwa muda mfupi, kama zinavyozimika katika usingizi mzito. Panya akiwa ananyoosha mkono kuchukua kipande cha sukari, na seli za sehemu inayoongoza mwendo zikazimika kabla tu hajanyoosha, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukikosa. Mwaka 2017 Yuval Nir, Itzhak Fried na wenzao wakapata nafasi ya kusikiliza seli moja moja ndani ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, ambao walikuwa wamewekewa nyaya ndogo ubongoni kwa ajili ya matibabu yao. Wakiwa wamekesha, wagonjwa walionyeshwa picha na kutakiwa kusema ni ya nini. Kila walipochelewa kujibu, seli zao nazo zilikuwa zimejibu polepole na kwa unyonge, huku mawimbi ya taratibu kama ya usingizi yakijitokeza katika sehemu hiyohiyo.

Kwa hiyo usingizi hausubiri ruhusa ya mtu mzima. Ukinyimwa usiku, unajichukulia mchana kidogo kidogo, kona hii ya ubongo, kisha kona ile. Unaweza kuwa umesimama mbele ya darasa unafundisha na sehemu fulani yako imelala.

Kahawa? Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku. Seli za ubongo zinapotumia nishati huacha kemikali iitwayo adenosini, na ubongo hutumia nishati nyingi mno: ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati yote. Kadiri unavyokaa macho ndivyo adenosini inavyolimbikizana, nayo ndiyo inayokutia ule uzito wa kope. Kafeini inakwenda kukaa mahali ambapo adenosini ingekaa. Haiiondoi. Adenosini inaendelea kurundikana nje ya mlango, na kafeini ikipungua inaingia yote. Tena inapungua polepole. Kwa watu wengi nusu yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe changu cha saa kumi na moja jioni kilikuwa bado kinanikesheza saa nne usiku, pale mtoto alipokuwa amelala na mimi nilipaswa kulala.

Kwa madereva nitasema moja tu. Drew Dawson na Kathryn Reid, Australia, walichapisha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unafanana na wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mwisho kwa dereva. Akifika saa 24, ni karibu asilimia 0.10. Fanya hesabu mwenyewe. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, saa nne usiku ameshafikisha 17. Na huyo si mkosefu wa usingizi, huyo ni mtu aliyelala vizuri jana.

Jambo jingine lililoniumiza ni hasira. Mtoto wangu mkubwa ana miaka sita. Jioni moja alimwaga maji mezani, kikombe kimoja cha maji matupu, na nilimfokea kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alirudi nyuma hatua mbili. Nikamwona anachunguza uso wangu, anatafuta kama ni mimi. Nilimwomba radhi usiku uleule, akanisamehe upesi kama watoto wanavyosamehe, lakini zile hatua mbili bado naziona.

Seung-Schik Yoo, Matthew Walker na wenzao mwaka 2007 waliwaonyesha watu picha za kutisha na kusikitisha huku wakipiga picha za ubongo wao. Kwa wale waliokuwa wamekaa macho takriban saa 35, amigdala, sehemu ndogo ya ndani inayoamsha hofu na hasira, iliitikia kwa asilimia 60 zaidi kuliko kwa waliolala. Na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuliza na kupima mambo, yalikuwa yamefifia. Sisemi hili ili kujitetea kwa mwanangu. Nalisema kwa sababu nyumba nyingi zina ugomvi ambao watu wanautafutia sababu kwenye tabia, kwenye mapenzi, kwenye fedha, kabla ya kuulizana nani alilala saa ngapi.

Kwa wanafunzi wangu nina neno refu zaidi, maana kila mwisho wa muhula naona wale wale wanakuja na macho mekundu, wanajisifu kwamba wamekesha na vitabu. Watafiti haohao, mwaka huohuo wa 2007, walionyesha kwamba baada ya usiku mmoja bila kulala, hipokampasi, sehemu inayopokea kumbukumbu mpya, hufanya kazi kwa unyonge, na kati ya walichojifunza watu hukumbuka kidogo kuliko waliolala, hata baada ya kupata usingizi wa siku zilizofuata. Maana yake kilichokosa kuingia hakikuingia. Na hata kilichoingia kinahitaji usiku ili kikae. Usingizi mzito, wenye mawimbi marefu ya taratibu, uko zaidi katika nusu ya kwanza ya usiku. Usingizi wa ndoto uko zaidi kuelekea alfajiri. Vyote viwili vina sehemu yake katika kuhifadhi tulichojifunza. Anayelala saa saba na kuamshwa saa kumi na moja ameukata usiku wake mahali ambapo ndoto zilikuwa ndiyo kwanza zinarefuka. Siku hizi wiki ya mitihani nafunga kipindi cha mwisho kwa kuwauliza watalala saa ngapi, na nasubiri jibu la kila mmoja.

Kuna pia habari ya ubongo kujisafisha usiku. Maabara ya Maiken Nedergaard katika Chuo Kikuu cha Rochester ilionyesha mwaka 2013, kwa panya, kwamba nafasi kati ya seli hupanuka wakati wa usingizi na taka kama protini ya beta-amiloidi, inayohusishwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, huondolewa haraka zaidi. Wanasayansi wengine wamelipinga jambo hili kwa vipimo vyao, na mjadala haujafungwa. Nimeuweka hapa kwa ufupi kwa sababu naona watu mitandaoni wanautangaza kama jambo lililokwisha, na mama mwenye mtoto mchanga hahitaji kutiwa hofu ya uzee wake juu ya uchovu alionao.

Yeye anahitaji kulala, na mara nyingi hawezi. Hilo nalijua, kwa hiyo sitamwambia alale zaidi. Mimi kilichonisaidia ni kuacha kujiuliza najisikiaje. Nina daftari dogo kando ya kitanda. Asubuhi naandika saa nilizolala, kwa kukadiria, bila maelezo. Zikiwa chini ya tano kwa siku tatu mfululizo, mambo fulani siyafanyi hata kama najiona mzima: sisahihishi, siendeshi gari usiku, siamui jambo kubwa na mume wangu. Tarakimu ndiyo inayoamua, mimi sina kura. Mume wangu aliomba abadilishiwe zamu, ikachukua miezi miwili. Mama yangu anakuja Ijumaa usiku, ananiambia, "Nenda kalale, mwanangu, huyu namjua kuliko wewe," na mimi naenda. Usiku mmoja mrefu haufuti deni la wiki nzima. Baada ya mama kuondoka bado kuna siku mbili tatu ambazo najikuta nasoma mstari mmoja mara tatu. Lakini daftari linapanda. Wiki hii: 5, 6, 6, 5, 7.

Yule mwanafunzi nilimwita siku iliyofuata, pamoja na wale wengine watano, nikawarudishia karatasi zao na kuwaeleza nilikosea wapi na nilikuwa katika hali gani. Hata yule wa alama 4 za swali tupu nilimwambia. Wa sabini na moja alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa mtoto analala, mwalimu?"

Nikamwambia ameanza.

Leo nina karatasi 38 za kidato kingine. Nimefanya 27, alama zimejumlishwa mara mbili, kila safari nikianzia chini kwenda juu. Kumi na moja zimebaki. Nimezifunga kwenye bahasha, nimeandika juu yake saa tatu na nusu usiku, na kalamu nyekundu nimeitia humohumo ndani.